Sufuria za Bitutu

Mtu akikuambia kwamba sufuria zote ni sawa, mpe msumari na nyundo, umwambie aandike jina lake kwenye kitako.

Mimi ni mtu wa ziwani, lakini biashara imenifanya mwenyeji wa Kisii. Nauza vyombo katika soko la Daraja Mbili, na ukinunua sufuria kwangu naigeuza juu chini nikakuchongea jina bure, vitone vidogo vidogo vya msumari, herufi baada ya herufi. Huku sufuria isiyo na jina ni sufuria ya kila mtu. Akifa mtu, wanawake wa kijiji kizima huleta vyombo vyao, ugali ukapikwa, wageni wakala, na kesho yake sufuria zote zimelala kwenye nyasi, nyeusi, zinafanana. Nimeona akina mama wawili wa kanisa moja la Sabato wakivutana sufuria kando ya kaburi lenye udongo mbichi, kisa walikuwa wavivu wa kuchonga majina.

Sasa, sufuria nzuri ukiipiga msumari inabonyea, inaweka alama, basi. Sufuria mbaya inatoboka. Mteja anasimama pale ameshika pesa mkononi, na mimi nimeshika sufuria inayovuja hata kabla haijaona jiko. Ndiyo maana kwa miaka mingi niliuza sufuria za Nyanchoka, na za mwingine sikuzitaka. Nitakueleza habari za huyo mama, na nikikasirika njiani unisamehe. Usiponisamehe pia ni sawa.

Nyanchoka ni mtu wa Ekerenyo, kule Nyamira, anakotoka chai na ndizi. Mumewe, Ratemo, yuko huko mpaka leo na majani yake ya chai, mtu mpole asiyeweza kumfukuza hata kuku. Upole wote wa nyumba ile alichukua yeye. Mkewe alichukua mdomo. Nyanchoka akiongea na mtu wa upande wa pili wa barabara, simu ni ya nini?

Ujana wake aliutumia Nairobi, katika kiwanda cha sufuria. Wanaume walizungusha mashine, wanawake wakafunga sufuria kwenye karatasi. Akachoka kufunga. Wanaume walipotoka kwenda kula githeri, yeye alibaki ndani akijifundisha mashine kwa vipande vilivyotupwa. Msimamizi alipomkamata alikuwa ametengeneza kisufuria cha maziwa, kimepinda upande mmoja kama kofia ya mlevi. Badala ya kumfukuza, alicheka, akamwambia kesho aje na aproni ya wanaume.

Kisha mwenye kiwanda akagundua kwamba kuagiza sufuria iliyokwisha kutengenezwa ng'ambo ni rahisi kuliko kuagiza bati la kuitengeneza hapa. Akafunga karakana, akabaki na bohari. Wafanyakazi wakapewa kiinua mgongo chao. Nyanchoka peke yake ndiye aliyesema hataki pesa, apewe ile mashine aliyokuwa akiifanyia kazi. Wenzake walimwona kichaa. Aliipandisha kwenye lori la ndizi lililokuwa likirudi Kisii tupu, akakaa nyuma akiiegemea safari nzima, na maganda ya ndizi miguuni.

Ukiingia kwenye karakana yake, juu kidogo ya barabara ya kwenda Nyamira, ungemkuta hivi: bati la alumini lililokatwa mviringo limebanwa kwenye kalibu yenye umbo la sufuria, mashine inazunguka, naye ameegemea kwa fimbo ndefu ya chuma aliyoibana kwapani, anasukuma kwa mwili wote. Bati linajikunja polepole kufuata kalibu, na baada ya muda mfupi ni sufuria. Kwapa lake la kulia lina sugu ngumu kama kisigino. Yale mabati ya mviringo yeye huyaita chapati. "Ogoti, leta chapati!" Ogoti ni mfanyakazi wake, mwanamume mzima mwenye watoto, aliyekuwa akikimbia kama askari aliyeitwa na mkubwa wake.

Chapati zake zilikuwa nene. Alizinunua Nairobi kwa mkopo wa chama cha akiba, mzigo mkubwa kwa mara moja, akazipanga ukutani mpaka darini. Aliniambia siku hiyo, "Mama Lavender, hapo ndipo uzee wangu umelala. Mashine hii ikizunguka, mimi sitaomba mtu chumvi." Hakutaka lingine. Hakutaka ghorofa wala gari. Alitaka ile mashine izunguke mpaka yeye mwenyewe aseme basi.

Ndipo ikaja bajeti.

Mimi bajeti huwa sisikilizi. Mtu mwenye mkoba anasoma, sisi tunalipa. Lakini jioni ileile muuzaji wa Nairobi alimpigia simu Nyanchoka: mama, hizo ulizonazo zifunike vizuri, ushuru wa bati linalotoka nje umepanda. Na wale wa humu nchini wanaotengeneza bati nao wamepandisha bei, maana anayeshindana nao amefungiwa mlango. Je, sufuria zilizokamilika kutoka nje? Hizo zilikuja vilevile, tena nyingi kuliko zamani. Zinaingiaje sijui. Najua zinaingia, kwa sababu jirani yangu sokoni anaziuza, zinang'aa kama meno ya mgombea kura, na ukizibonyeza kwa kidole zinabonyea kama karatasi. Unatoza unga ushuru, mkate unauacha upite! Mtu aliyepanga jambo hili ana watoto kweli? Na kwake wanapikia nini?

Mama mmoja wa Ekerenyo alinunua moja ya hizo kwa jirani yangu, akanipa mimi nichonge jina. Nilimwambia haitaki msumari. Akasisitiza. Nikapiga mara moja tu, msumari ukatokea ndani. Alilia pale sokoni, na kosa lilikuwa langu machoni mwake, si la aliyeileta hiyo karatasi nchini.

Wakaja watu wa kuchukua maoni ya wananchi. Ukumbi ulijaa. Nyanchoka alisimama kabla hajaitwa.

"Mimi nanunua bati, nalipa ushuru. Mwingine analeta sufuria, anauza chini yangu. Sasa huo ushuru inalinda nani?"

Bwana mmoja aliyevaa tai akatabasamu. "Mama, ushuru huo ni wa kulinda viwanda vya ndani."

"Kwani kiwanda yangu iko wapi? Iko Uganda?"

Watu wakacheka mpaka wakapiga meza. Bwana wa tai naye akacheka kwa adabu, akasema kwamba maoni ya mama yamechukuliwa. Yalichukuliwa kweli, maana hatukuyaona tena. Tukapewa soda, tukarudi nyumbani.

Njiani nilimwambia apandishe bei. Kila kitu kimepanda, nani atamlaumu? Alisimama katikati ya barabara, bodaboda zikampigia honi.

"Sipandishi. Hizo chapati nilinunua bei ya zamani, nitauza bei ya zamani. Nikipandisha, wale wamama wa kwetu watakimbilia hizo karatasi. Nitauza hivi mpaka hizo karatasi zichoke zirudi kwao."

"Na chapati zikiisha?"

"Nyasae yuko."

Mungu yuko, sikatai. Lakini sijamwona akiuza bati.

Mwanzoni nilidhani mimi nimekosea na yeye ndiye aliye sahihi, kwa sababu ghafla akapata mteja. Alikuwa kijana wa Marani anayeitwa Gibson, mwenye viatu vyenye ncha na pikapu nyeupe. Alikuja na heshima zake zote, "Mama, habari ya kazi, mama pole na kazi," akasema anapelekea mashule vyombo. Alichukua sufuria zote zilizokuwa tayari. Wiki iliyofuata akarudi, akachukua zote tena. Nyanchoka aliongeza saa za kazi. Ogoti akanunua viatu. Mlango wa karakana ukapakwa rangi ya bluu.

Mimi nilikuwepo siku moja nilipokwenda kuchukua mzigo wangu mdogo. Gibson alikuwa ametundika mizani mlangoni, ile mizani ya ndoano wanayopimia majani kwenye kituo cha chai, na anapima sufuria. Hakuuliza namba ya sufuria wala hakuuliza itatosha watu wangapi. Alipima, akatikisa kichwa, akapima nyingine.

"Kijana, nikuchongee majina ya shule?" nikamwuliza. "Ni bure."

"Wacha tu, mama. Usiandike kitu."

"Zitapotea."

"Hazipotei," akasema, akacheka.

Nilirudi sokoni na neno hilo likinikereketa kama unga wa pilipili. Tangu nianze kuuza vyombo, sijawahi kumwona mtu akikataa jina. Maskini analitaka, tajiri analitaka, hata padri aliniambia nimwandikie Parokia kwenye birika. Sasa huyu ananunua sufuria kwa kilo kama viazi na hataki jina? Nilimwambia Nyanchoka. Akanicheka.

"Mama Lavender, wewe una wivu. Kitu nzuri inajiuza yenyewe."

Wivu! Nilinuna.

Siku ya soko la Marani nilipeleka ndoo huko. Nikiwa nyuma ya bodaboda, karibu na mji, nikaiona ile pikapu nyeupe ikiingia kwenye ua uliozungushiwa mabati makuukuu. Nikamwambia kijana wa boda asimame. Kutoka ndani nilisikia nyundo. Nikasukuma lango.

Wanaume watatu walikuwa wakiponda sufuria kwa nyundo kubwa za kuvunjia mawe. Sufuria za Nyanchoka. Ningezijua hata gizani, ule mdomo wake uliokunjwa mara mbili nimeuzoea kama mdomo wa mwanangu. Zilikuwa mpya, hazijaonja hata maji. Walizipiga zikalala bapa, wakazifunga kwa waya matita matita, tayari kupakiwa kwenye lori la vyuma chakavu.

Gibson hakushtuka. Aliniletea kiti cha plastiki.

"Mama, usinione mbaya. Mimi nanunua alumini. Tangu ushuru ipande, wale wa kuyeyusha wanalia hawana mali, kilo imekuwa kitu kikubwa. Huyo mama yeye anauza na bei ya mwaka jana. Nikiponda napata kuliko vile nimelipa. Nimeiba? Nalipa cash."

"Na kwa nini hukutaka majina?"

"Chuma iko na jina inaniletea shida. Wananiambia ni ya wizi. Polisi wanakuja, halafu wanawake wenye sufuria wanakuja. Heri polisi."

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hakusema uongo hata neno moja. Sikukaa kwenye kiti chake. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tulikuwa tumemshonea nguo yenyewe, tena tukampakia mlango bluu.

Kumwambia Nyanchoka ilikuwa kazi. Nilimkuta mashine inazunguka, fimbo kwapani, anaimba wimbo wa kanisa. Nilizima mashine mwenyewe, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya akabaki na mkono. Nikamweleza yote.

Alinitukana kwanza mimi. Kisha akamtukana Gibson, na mama wa Gibson, na bwana wa tai, na bajeti, na aliyeibeba bajeti kwenye mkoba. Alitupa fimbo ya chuma, ikagonga ukuta, Ogoti akaruka. Halafu akakaa juu ya chapati zilizobaki. Ule ukuta uliofika darini sasa ulikuwa unamfikia magotini. Alikuwa akiziona zikipungua na kufurahi, akidhani zinakwenda kupika.

"Hata uji hazikupika?" akaniuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Hazikupika."

"Nimesukuma hii kitu na mwili yangu, mama. Usiku siwezi kulalia huu upande. Ili mtu aende aiponde?"

Nililia, na nililia kwa hasira, si kwa huruma. Mwanamke anafanya kazi kwa mikono yake, haibi, hadanganyi, haombi, na watu waliosoma wanakaa mahali penye kiyoyozi wanapanga bei mpaka sufuria yake inakuwa na thamani zaidi ikiwa imepondwa. Niambie, hiyo ni akili ya nani?

Baada ya muda alijifuta uso kwa aproni. Akaniuliza, polepole, Gibson alisema nini kuhusu majina. Nikarudia. Akanifanya nirudie tena. Kisha akamwambia Ogoti afagie, maana kesho kutakuwa na wageni.

Gibson alipokuja aliukuta mzigo mkubwa, uliotengenezwa usiku kucha kwa chapati zote zilizobaki, sufuria za matanga, zile ambamo mtu anaweza kumwogeshea mtoto. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni na nyundo yangu na msumari. Nyanchoka akamwambia kwamba tangu leo hakuna sufuria inayotoka bila jina, wezi wamezidi.

Gibson aliniangalia, akajua nimesema. Lakini aliuona na ule mzigo, na tamaa ni tamaa.

"Sawa. Andika Gibson."

"Sufuria ya mwanaume?" Nyanchoka akapiga makofi. "Wewe ni Mgusii wa wapi? Mwanaume ako na ng'ombe, ako na boma. Sufuria ni ya mwanamke. Umeoa?"

"Bado."

"Basi ni ya mama yako. Anaitwa nani?"

Hapo nilimwomba Mungu amtie haya. Nilidhani ataona mbele: jina la aliyemzaa liko chini, na nyundo inashuka juu yake. Nilimpa nafasi. Nilishusha hata msumari. Yeye alikuwa anatazama simu yake.

"Bitutu," akasema bila kuinua macho. "Andika Bitutu haraka, tuende. Ya mama yangu nani ataniuliza?"

Basi niliandika. Nilipiga BITUTU, BITUTU, mpaka mkono ukafa ganzi, na kila herufi niliipiga kama ninampiga yeye kwenye paji la uso. Hakuna hata moja iliyotoboka, na Gibson akalipa zote taslimu. Nyanchoka alisimama nje akiongea kwa simu kwa Ekegusii, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alinong'ona.

Asubuhi yake tulikuwa Marani, mimi na yeye, tumesimama ng'ambo ya barabara. Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Wanawake wa kanisa, vitambaa vyeupe kichwani, wanaimba, wanashuka kilima kwa mstari mrefu. Mbele yao alikuwa mama mmoja mwembamba amevaa gambuti za shambani. Huyo ndiye Bitutu, simu ya jana ilikuwa imemfikia. Wanaume wa nyundo walikuwa wamekwisha kuinua mikono, walipomwona waliishusha.

Hakugomba. Mimi nilitaka agombe, na ndiyo maana mimi si Bitutu. Alienda moja kwa moja kwa mwanawe, akamshika mikono yote miwili, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka stendi:

"Mwanangu! Walikuwa wananiambia Gibson amesahau mama. Wanasema amepata gari, amesahau mlima. Kumbe unaniwekea sufuria! Zote na jina yangu! Wamama, mmeona mtoto nilizaa?"

Wamama walikuwa wameona. Walipiga vigelegele. Bitutu akamtemea mate kidogo kifuani, baraka ya wazee, akamwombea mke, watoto, gari la pili. Gibson alifungua kinywa. Aliwatazama wale wanawake, aliwatazama wafanyakazi wake, aliyatazama majina. Angesema nini? Kwamba mama, hizi ni chuma chakavu, nilizinunua nizivunje zikiwa na jina lako?

"Ee, mama," akasema. "Ni zako."

Zikapanda vichwani, moja moja, na wimbo ukaanza upya. Bitutu alipopita karibu nasi hakusimama, lakini alimwambia Nyanchoka kwa Kiswahili ili na mimi nipate: "Nilifikiri nilizaa mjinga. Kumbe nilizaa mchoyo. Heri mjinga." Akaendelea kupanda na sufuria yake.

Tulicheka. Wacha niseme ukweli, tulicheka mpaka tukakaa chini kwenye majani. Nyanchoka alicheka huku ameshika ule upande unaouma. Mchimba kisima huingia mwenyewe, nikasema, naye akajibu kwamba huyu ameingia na viatu vyake vya ncha.

Lakini kicheko hakinunui bati. Tuliporudi karakana, ukutani hapakuwa na kitu. Nyanchoka akampigia muuzaji wa Nairobi, na bei aliyotajiwa alinitajia mimi akiwa bado na simu sikioni, kana kwamba anataka shahidi. Chapati moja tupu, kabla ya umeme, kabla ya Ogoti, kabla ya kwapa lake, ilikuwa ghali kuliko sufuria nzima ya jirani yangu sokoni. Wanawake wa Ekerenyo walijaribu kuchanga waagize mzigo, ila bonasi ya chai ilikuwa imewatoka kwa karo za shule, na mchango ukafia njiani.

Muuzaji alimtumia sampuli ya bati jembamba. Wengine wote wanatumia hilo, akasema, mama usijitese. Nyanchoka alilizungusha, akatengeneza sufuria moja, akaniletea sokoni. Ilikuwa nzuri kwa macho. Akaniwekea mbele ya meza, kitako juu.

"Andika jina yangu."

Sikutaka. Akasema andika. Nikapiga nukta ya kwanza ya N, msumari ukatokea upande wa pili. Aliinua sufuria, akatazama mwanga wa jua kupitia kile kitundu, akaiacha pale mezani, akaondoka bila kuniaga. Ogoti alianza kuendesha bodaboda ya mtu mwezi ule ule.

Mashine ilikaa chini ya gunia. Mwenye jengo alikuja mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili bila upole. Ratemo akatoka Ekerenyo, akamwambia mkewe arudi wachume chai. Na aliyekuja na lori na winchi, ungemdhania nani? Gibson.

Alikuja na heshima zake zote. "Mama, mimi sina kinyongo. Bei ya chuma imepanda, nitakupatia vizuri." Ushuru uleule uliompokonya Nyanchoka kazi sasa ulimpandishia bei ya jeneza la kazi hiyo. Nilimwambia asimuuzie. Nilimwambia amtafute mwingine, mtu yeyote. Akaniuliza mwingine yuko wapi, na akaniuliza tena, na sikumjua mwingine.

Walipokuwa wakiifunga minyororo, nikatoa nyundo na msumari kwenye mkoba wangu. Sikuwa nimepanga. Nilijua tu kwamba ile mashine imetengeneza nusu ya sufuria za wilaya nzima, zenye majina ya wanawake wote, na yenyewe haina jina, na kwa Gibson kisicho na jina ni cha kuponda. Nikapiga magoti, nikaweka msumari kwenye ubavu wake, nikapiga N. Msumari ukateleza. Nikapiga kwa nguvu zote. Msumari ukapinda katikati, na kwenye chuma hakukuwa na hata alama.

Gibson aligeuka upande. Nyanchoka alinitoa nyundo mkononi taratibu, na ule msumari uliopinda.

"Wacha, Mama Lavender," akasema. "Hii ni chuma ya ukweli."

Wakaivuta ikapanda. Nilitaka kumtukana mtu, kwa sauti, mpaka anisikie, lakini bwana wa tai hakuwepo, bajeti haikuwepo, aliyeweka ushuru hakuwepo. Hawakuwepo hata siku moja. Lori lilipoondoka, Nyanchoka alilifuata kwa miguu mpaka kwenye kona, amelibana kwapa lake la kulia kama bado ameishika fimbo.